GITAA LA ZAMANI AU LA KISASA? ULIZA VIDOLE VYAKO!

MPENZI msomaji, wiki hii naomba tuwapumzishe kidogo wapenzi wanaogombana na mama wakwe wenye midomo, tuingie kwenye ugomvi mwingine ambao nao hauna mwamuzi. Wakalishe wapiga gitaa wawili kwenye meza moja, mmoja mkongwe na mwingine wa kizazi kipya, kisha tamka maneno haya tu: "Eti, gitaa gani bora, la zamani au la kisasa?" Ukishasema hivyo agiza soda yako baridi kabisa, maana hapo hamtoki mpaka baa inafungwa.

Mkongwe atakwambia ya kale ni dhahabu. Eti mbao za zamani zilikauka vizuri, mafundi wa zamani walikuwa mafundi kweli, na magitaa ya siku hizi ni mapambo ya ukutani. Kijana naye atajibu kwamba gitaa la zamani ni gogo: shingo nene kama mpini wa jembe, linavuma kama mzinga wa nyuki, na kila baada ya wimbo lazima ulityuni upya. Kipya kinyemi, atasema, na ile sehemu ya "ingawa kidonda" ataimeza makusudi.

Mimi si mwanamuziki wa jukwaani. Nina gitaa moja la umeme, napiga kwa kujifurahisha, na darasani niliishia kidato cha nne. Lakini nimekulia kwenye nyumba ya wapiga gitaa, ugomvi huu nimeusikia tangu nikiwa mtoto, na msimamo wangu ninao. Wakati wale wawili wanabishana, kuna vijana wanatupa magitaa yao uvunguni, na kuna wazee wanaoacha kupiga kabla ya siku zao, kwa tatizo ambalo mara nyingi linamalizwa na bisibisi. Tatizo lenyewe ni gitaa ambalo halijarekebishwa limfae mtu anayelipiga.

Twende pole pole.

FUNDI REDIO ASIYEJUA KUPIGA GITAA

Haya magitaa tunayoyaita "ya zamani" kwa heshima kubwa, mengi asili yake ni Marekani ya miaka ya 1950. Huko California, kwenye mji wa Fullerton, alikuwapo fundi redio mmoja aliyeitwa Leo Fender. Cha kuchekesha ni kwamba bwana huyu hakujua kupiga gitaa! Alichojua ni kutengeneza vitu na kuwasikiliza wanamuziki waliompelekea malalamiko yao.

Mwaka 1950 kampuni yake ikatoa gitaa la umeme lenye mwili wa ubao mzima, bila tumbo la wazi, ambalo mwaka 1951 lilipewa jina la Telecaster. Mwaka 1954 likafuata Stratocaster. Shingo haikugundishwa, ilifungwa kwa skrubu nne. Kwa fundi redio hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa: kikiharibika kipande, fungua, weka kingine, maisha yaendelee.

Wapinzani wake Gibson wakajibu mwaka 1952 kwa gitaa lililopewa jina la mpigaji maarufu, Les Paul. Hili shingo yake iligundishwa kama samani za nyumba ya tajiri.

Sasa tuje kwenye pikapu. Usicheke, sisemi ile gari ya kubebea viazi! Pikapu ya gitaa ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, inakaa chini ya nyuzi na kuupeleka mtikisiko wao kwenye amplifaya. Pikapu za Fender zilikuwa na koili moja. Sauti yake ni kali na safi, inakata kama wembe, ila inanasa pia mvumo wa umeme, na ndiyo maana gitaa linalia "mmmmm" hata usipoligusa. Mwaka 1955 mhandisi wa Gibson aliyeitwa Seth Lover akatengeneza pikapu ya koili mbili zilizopangwa kinyume, hivyo mvumo wa moja unafutwa na mvumo wa nyingine. Ilipofika mwaka 1957 pikapu hizo zilikuwa zimefungwa kwenye Les Paul. Sauti yake ni nene, imeshiba.

Tofauti nyingine ni urefu wa uzi, kutoka kule juu kwenye nati mpaka kwenye daraja. Fender ni inchi 25 na nusu, Gibson ni kama inchi 24 na robo tatu. Unaona ni kitu kidogo, lakini kwa nyuzi za unene ule ule na tyuni ile ile, Fender inakaza zaidi na Gibson inalegea kidogo chini ya kidole. Chombo hata hakijazeeka, tayari vidole vimeshaanza kuchagua.

Tena kumbuka, mwaka 1954 Stratocaster ndiyo ilikuwa "ya kisasa". Wazee wa wakati ule bila shaka nao walikuwapo, wakitingisha vichwa!

WAKUBWA WENYEWE WALIYACHOKONOA

Hapa ndipo wapenzi wa "usiguse, hilo ni la asili" wananichosha. Wale mabingwa waliofanya magitaa hayo yawe maarufu hawakuyaacha kama yalivyotoka kiwandani hata kidogo.

Chukua nyuzi. Zile za miaka ya 1950 zilikuwa nene, na uzi wa tatu mara nyingi ulizungushiwa waya kama nyuzi za besi. Kuuvuta uzi huo ulie kama mtu ilikuwa kazi ya msuli. Wajanja wakaanza kuweka uzi mwembamba wa banjo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwenye duka mmoja wa California, Ernie Ball, akaanza kuuza seti za nyuzi nyembamba. Hizi namba 9 na namba 10 tunazozitaja leo, yaani uzi wa kwanza wenye unene wa sehemu 9 au 10 za elfu moja ya inchi, zimetokana na hekaheka hizo.

Swichi ya Stratocaster nayo ilikuwa na nafasi tatu tu. Watu wakagundua kwamba ukiikwamisha katikati ya nafasi mbili, pikapu mbili zinalia pamoja na sauti inakuwa tamu ajabu. Wengine walichomeka njiti ya kiberiti isichomoke! Kiwanda kilikuja kuweka swichi ya nafasi tano mwaka 1977, miaka zaidi ya 20 baadaye.

Halafu yupo Tony Iommi, Mwingereza wa mji wa Birmingham. Mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 17, mashine ya kiwandani ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye ni mashoto, kwa hiyo huo ndio mkono wake wa kubana nyuzi. Mtu mwingine angeuza gitaa siku hiyo hiyo. Iommi aliyeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akaweka nyuzi nyembamba, zikiwemo za banjo, na baadaye akawa anashusha tyuni ili nyuzi zilegee zaidi. Sauti ile nzito ya Black Sabbath iliyotikisa dunia ilitokana kwa sehemu kubwa na mtu aliyelibadili gitaa lifuate vidole vyake vilivyoumia.

Na kama unafikiri thamani inatokana na usafi wa asili, sikiliza hii. Mwezi Juni mwaka 2019, Stratocaster nyeusi ya David Gilmour wa Pink Floyd iliuzwa kwenye mnada mjini New York kwa dola za Marekani 3,975,000. Gitaa hilo lilikuwa limebadilishwa shingo mara kadhaa, limebadilishwa pikapu, na limewahi kutobolewa mwili na kuzibwa. Kwa lugha ya gereji za kwetu, ni lile gari ambalo kilichobaki cha asili ni kadi! Lakini lilirekebishwa miaka na miaka mpaka likamkaa mwenyewe.

MBAO HAZIKUGEUKA USIKU MMOJA

Msinielewe vibaya. Sisemi magitaa ya zamani si mazuri. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Lakini tizama mkasa wa Les Paul. Zile zilizotengenezwa kati ya mwaka 1958 na 1960, zenye rangi ya jua linalotua, leo moja inauzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Zilitengenezwa pungufu ya 2,000. Kwa nini chache hivyo? Kwa sababu hazikuwa na soko! Wanunuzi waliona ni nzito na za kizee, na mwaka 1961 kampuni ikaleta umbo jingine jembamba lenye pembe mbili. Mwaka 1966 Eric Clapton akarekodi na bendi ya John Mayall akitumia Les Paul ya aina hiyo, vijana wakapagawa, na mwaka 1968 Gibson ikarudisha umbo la zamani sokoni.

Jiulize, mbao zilibadilika usiku mmoja? Kilichobadilika ni masikio ya watu, na bei ikafuata. Kwa hiyo mtu akikwambia bei ya gitaa ndiyo ubora wake, mwitikie tu kwa adabu.

YA KISASA NAYO YANA MADENI YAKE

Vijana wangu, msishangilie mapema.

Ubao wa shingo wa Fender za zamani umeviringika sana, kama kipande cha duara lenye nusu kipenyo cha inchi 7 na robo. Kwa kubana kodi za ridhimu ni raha tupu, kiganja kinalala. Lakini ukishusha nyuzi chini sana halafu ukavuta uzi pembeni, uzi unagonga freti za mbele na sauti inakufa. Ndiyo sababu magitaa mengi ya kisasa yana ubao bapa zaidi, inchi 12 mpaka 16. Unashusha nyuzi, unavuta upendavyo, na unakimbia na solo bila breki. Ibanez walipotoa RG yao mwaka 1987, yenye shingo nyembamba na freti 24, walikuwa wanawafikiria watu wa mbio za namna hiyo.

Kuna na daraja la Floyd Rose, lililobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1970, ambalo linafunga nyuzi kwa skrubu juu na chini. Unaweza kuzitikisa nyuzi mpaka zilegee kama kamba za kuanikia nguo, ukiachia zinarudi kwenye tyuni. Bomba! Lakini likiwa limefungwa la kuelea, uzi mmoja ukikatika, springi za nyuma zinazidi nguvu na nyuzi zote zilizobaki zinatoka kwenye tyuni kwa pamoja. Kuweka uzi mpya kunataka spana ndogo ya umbo la L, na mara nyingi unakata kile kishikizo cha mwisho wa uzi. Hebu fikiria hilo likutokee saa saba usiku, ukumbi umejaa, na mwimbaji anakukodolea macho!

Telecaster ya muundo wa 1950 ikikatika uzi, unapiga nyuzi tano mpaka wimbo uishe. Kila muundo unatibu ugonjwa fulani na kuleta mafua yake.

NA SISI WA MUZIKI WA DANSI JE?

Kwetu hapa, tangu enzi za NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 mpaka Mlimani Park iliyozaliwa mwaka 1978, wimbo unasukwa na magitaa kadhaa: solo, ridhimu, besi, na mara nyingi solo la pili. Kila moja lina kazi yake, na kila kazi ina mahitaji yake. Anayepiga ridhimu anachapa nyuzi kwa nguvu usiku kucha, nyuzi zikiwa chini mno zinagonga freti na kulia kama kopo. Anayepiga solo, wimbo unapofika kwenye chemko, anataka nyuzi za karibu ili vidole viteleze.

Ndugu zetu Wakongo walikwenda mbali zaidi. Kwenye gitaa lao la mi-composé, linalokaa kati ya solo na ridhimu, waliondoa uzi wa nne na kuweka mwembamba unaotoa sauti ile ile oktavu moja juu. Uzi mmoja tu, na gitaa likapata lugha yake. Hapo hapakuhitajika kiwanda kipya wala mbao za mwaka 1959.

VIDOLE VYA MJOMBA

Hili limenigusa nyumbani, ndiyo maana naandika kwa uchungu. Mjomba wangu alipiga ridhimu kwenye bendi za dansi miaka mingi. Uzee ulipoingia, vidole vikaanza kukakamaa, hasa asubuhi. Akaliweka gitaa lake nyuma ya kabati. Ukimuuliza anasema, "Mwanangu, gitaa ni la vijana." Halafu redio ikipiga nyimbo za zamani unamwona anabana kodi kwenye mkono wa kiti.

Wakati huo huo binamu yangu alinunua gitaa jipya dukani Kariakoo kwa akiba ya miezi kadhaa. Wiki ya tatu vidole vimevimba, kodi ya F haitoki, na sauti za freti za kwanza zote zinapanda juu kidogo kama mtoto anayelia. Akatangaza nyumba nzima kwamba kauziwa feki na kwamba yeye hana kipaji. Duka lilimkabidhi kama lilivyotoka kwenye boksi, hakuna aliyeligusa.

Tukamwita fundi mmoja wa mtaani anayetengeneza magitaa ya bendi. Gitaa la binamu alilitazama kidogo tu akacheka: mikato ya kwenye nati ilikuwa haijachimbwa vya kutosha, nyuzi ziko juu, na shingo imejipinda kwa joto na unyevu wa pwani. Akachimba nati kwa tupa ndogo, akanyoosha shingo, akashusha daraja. La mjomba, ambalo umri wake unanizidi mimi, akatoa zile nyuzi nene, akaweka namba 9, akarekebisha shingo maana nyuzi nyembamba zinavuta kidogo, na akashusha nyuzi mpaka pale tu ambapo hazigongi.

Mjomba alilipokea kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Akajaribu kodi moja. Akajaribu nyingine. Akanyamaza. Halafu akamwambia binamu, "Wewe, shika solo." Usiku ule majirani hawakulala, na hakuna aliyelalamika.

Gitaa la zamani na gitaa jipya, yote mawili yalikuwa yamenyamazishwa na ugonjwa mmoja.

FANYA HAYA KABLA YA KUTOA MSHIKO

Kwanza, weka nyuzi mpya za unene unaokufaa. Anayeanza na mwenye vidole vinavyouma aanze na namba 9. Anayechapa kwa nguvu ajaribu 10 au 11. Jasho na hewa ya chumvi vinaozesha nyuzi haraka, kwa hiyo zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza.

Pili, angalia shingo. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, kisha chungulia katikati. Panatakiwa pawe na upenyo mdogo, kama unene wa karatasi mbili au tatu. Upenyo ukiwa mkubwa, chuma kilichomo ndani ya shingo kinakazwa. Ukikosekana kabisa, kinalegezwa. Robo mzunguko kwa wakati mmoja, na kikigoma usikilazimishe, mwite fundi!

Tatu, pima kwa rula umbali kati ya uzi na freti ya 12. Milimita moja na nusu mpaka mbili ni pazuri kwa wengi. Mchapaji wa ridhimu apandishe kidogo.

Nne, piga uzi ukiwa wazi uwe kwenye tyuni, kisha ubane kwenye freti ya 12. Programu ya tyuni ipo mpaka kwenye simu. Sauti ikiwa juu kuliko inavyotakiwa, sogeza kipande cha daraja kinachobeba uzi huo kirudi nyuma. Ikiwa chini, kisogeze mbele.

Tano, gitaa la dukani lishike, lipige, sikiliza mkono wako. Mkono mdogo na shingo nene haviivi chungu kimoja, hata kama jina lililoandikwa pale juu linang'aa. Na kwenye bajeti yako tenga hela ya fundi tangu mwanzo, usimpelekee chenji iliyobaki.

Kama una mzee nyumbani aliyeficha gitaa lake nyuma ya kabati, usimsubiri aombe. Litoe, lipeleke kwa fundi, lirudishe likiwa na nyuzi laini, umwekee mapajani. Hao wanaobishana baa waache waendelee, soda bado zipo!

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.